Siku Watu wa Wusi Waliposhuka Kupigwa Picha

Tulipomzika Bwana Salim kule Mahoo, Taveta, mwezi uliopita, mjukuu wake mmoja alinijongelea mahali tulipokaa wanawake, simu mkononi, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayemfanyia mzee mzaha: "Bibi, ati wewe na babu mlirekodi albamu ya piano, na okestra nzima, hapo Voi? Acha zako!" Mimi sipendi kuambiwa acha zako, hata matangani. Nikamwambia, "Kaa chini, wewe. Babu yako alipiga fidla katika rekodi iliyokuwa ikilia redioni kabla mama yako hajaota meno. Na aliyekuwa kwenye piano ni huyu unayemwona hapa anatafuna pilau polepole kwa sababu ya meno ya bandia." Wanawake wakacheka, halafu wakakumbuka wako msibani, wakajifunika midomo kwa leso. Kijana akakaa. Alitafuta jina langu kwenye simu yake, akatafuta la babu yake, hakuona kitu, akaniangalia kwa jicho la kando. Nikaona basi, kama simu haijui, mimi najua, na sasa Bwana Salim amekwenda, na wale waliokuwa ukumbini siku ile wanazidi kupungua. Nitaandika mwenyewe. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Mwaka ule nilishinda, na mtu aliyeshinda akinyamaza sana watu husema alishindwa.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya mizigo ya stesheni ya Voi. Wazazi wangu, na jinsi nilivyojifunza kinanda kanisani Wusi, kwetu milimani Taita, nitaviacha; ni hadithi ya kawaida na imeshawachosha wanangu. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kaloleni, chumba cha mabati ambacho mchana hakikaliki hata na mjusi, kwa hiyo saa ya chakula sikwenda nyumbani. Nilikwenda ukumbini. Nyuma ya stesheni palikuwa na ukumbi ambao Wazungu walijijengea kwa ajili ya dansi zao: sakafu ya saruji, kuta tupu, paa la mabati lililo juu sana, na pembeni, chini ya turubai, piano. Walipoondoka walichukua meza ya biliadi, wakachukua hata mapazia, lakini piano wakaiacha kwa sababu ilikuwa nzito na ilikuwa imeanza kukohoa vumbi. Vumbi la Voi ni jekundu na halina adabu, linaingia hata mahali palipofungwa kwa kufuli. Kila siku nilianza kwa kufuta vitufe kwa kitambaa chenye maji kidogo, nakula muhogo wangu wa kuchemsha upesi upesi, nanawa, halafu napiga. Makarani wenzangu walinitania: "Wakesho, asubuhi unapiga taipu, mchana unapiga piano, jioni utampiga nani?" Nikawajibu kwamba jioni nitampiga atakayeuliza tena.

Nilichokuwa nikipiga hakikutoka kitabuni. Kichwani nilikuwa nimebeba sauti za akina mama wa Wusi wakipanda mlima na mizigo ya majani ya ng'ombe migongoni, namna mmoja anavyoanzisha na wengine wanamwitikia wakiwa wameishiwa pumzi, na namna wimbo unavyokatika kwenye kona halafu unaanza tena juu zaidi. Hayo niliyageuza yakawa nyimbo za piano, mkono wa kushoto unapanda, wa kulia unaitikia. Nyimbo zilikuwa zangu. Nasema hivi waziwazi kwa sababu baadaye kuna watu walitaka ziwe zangu nusu nusu. Leo nikikaa na mjukuu wangu anayejifunza gita, ananiuliza, "Nyanya, ulikuwa unafuata nani?" Nashindwa kumweleza kwamba sikuwa na mtu wa kumfuata, na kwamba jambo hilo halikunisumbua hata kidogo. Nilikuwa na njaa ya mchana, nilikuwa na piano, na nilikuwa na saa moja kabla ya karani mkuu kuanza kuniita.

Bwana Salim alikuwa mfanyabiashara wa ndizi wa Taveta, mtu wa kanzu safi na maneno safi zaidi, ambaye alikuja Voi na treni ya Taveta kila juma kuangalia mizigo yake. Mchana mmoja alikuwa anatafuta karani, akanikuta ukumbini. Alisimama mlangoni hadi nilipomaliza, ndipo akabisha hodi, kana kwamba ndiyo kwanza anafika. "Mwanangu, hicho kinanda chako kinalia peke yake," akasema. Nikamjibu kwamba kimezoea. "Alaa! Nani kakwambia? Juma lijalo, Mungu akipenda, nakuja na fidla yangu tukiulize." Akaja kweli, na shemeji yake akaja na udi. Habari zikapanda milimani, maana Taita habari hupanda mlima bila kuhema, na Mwalimu Mwakio, aliyenifundisha darasani na sasa alikuwa kiongozi wa bendi ya tarumbeta ya kanisa la Wusi, akashuka na wapiga tarumbeta wake na wapiga filimbi wawili watatu. Mpiga besi wa hoteli ya watalii akajiunga kwa sababu alisema amechoka kuwapigia watu wanaokula. Hiyo ndiyo iliyokuwa okestra yetu. Mtu asicheke.

Tatizo la kwanza lilikuwa piano yenyewe. Kwa uzee na joto sauti yake ilikuwa imeshuka, kila kitufe kimekaa chini kidogo ya mahali pake. Bwana Salim alijaribu kukaza waya mmoja kwa spana, waya ukakatika, ukamkosa jicho chupuchupu. Akaiweka spana chini kwa heshima zote. "Mzee huyu havutwi," akasema. "Sisi ndio tumfuate." Basi wote wakashuka. Fidla ikalegezwa, udi ukalegezwa, tarumbeta zikavutwa mirija yake hadi Mwalimu Mwakio akaogopa itadondoka. Kila Jumamosi kazi ilianza hivyo, watu wazima na vyeo vyao wakimshukia mzee mmoja wa mbao, na wakishafika chini pale alipo, sauti ilikuwa nzito na tamu, haifanani na kitu kingine chochote nilichopata kusikia. Baadaye watu wa mjini waliniuliza tulitumia ujanja gani. Nikawaambia ni adabu tu.

Halafu chakula. Watu wa Wusi walileta kimanga ndani ya beseni lililofunikwa kwa majani ya mgomba, muhogo na maharagwe yaliyopondwa hadi yakawa kitu kimoja, na Bwana Salim alileta ndizi na samaki wa Ziwa Jipe waliopakwa tui. Tulikula tumekaa sakafuni kwa sababu ya ubaridi wa saruji, na hapo ndipo mabishano yalipokuwa matamu kuliko samaki. Mwalimu Mwakio alitaka nyimbo zianze na maombi ya tarumbeta. Mpiga besi alitaka ziwe na mwendo wa dansi. Bwana Salim alisema, "Jamani, mwenye arusi ni kinanda, sisi ni wapambe. Mpambe akipendeza kumshinda bibi arusi, huyo hatuitwi tena." Ikaisha hapo, kwa siku ile. Nilikuwa msichana pekee kati yao na hakuna aliyeniagiza maji. Hilo nalo naliandika.

Ndipo akaja Bwana Otieno. Alikuwa fundi wa sauti wa kampuni moja ya santuri ya Nairobi, mwembamba, miwani myeusi, suruali pana chini. Treni yake ya kwenda Mombasa iliharibikia Voi Jumamosi moja, abiria wakamwagika stesheni wakitafuta soda, na yeye akafuata sauti. Alisikiliza mazoezi yetu yote akiwa ameegemea ukuta. Mwishoni akasema, "Hii si santuri ndogo ya nyimbo mbili. Hii ni albamu." Neno hilo lilimwingia Mwalimu Mwakio kama sukari kwenye chai. Wiki nzima alikuwa analitamka.

Majuma yakapita. Siku moja niko kwenye taipu yangu, simu ikalia chumba cha pili kwa stesheni masta, mzee wa watu aliyeamini kwamba Nairobi ni mbali na kwa hiyo simu ya Nairobi lazima upige kelele. Tena alikuwa na tabia ya kurudia kila analoambiwa, ili ahakikishe. Kwa hiyo nilisikia pande zote mbili za maneno yasiyonihusu. "Ati ni Bwana Otieno? Ati umewapigia wakubwa mluzi, nyimbo mmezipenda? Vizuri sana! Ati mnazichukua zote? Vizuri! Ati nini? Msichana hamumtaki? ... Ooh. Ati hajulikani. ... Ati kuna bwana mmoja anapiga piano hotelini huko, ndiye atazipiga. ... Na okestra ya huko huko. ... Sasa huku mnataka nini? ... Kanda tu, ya kumfundishia. Sawa, nitamwambia msichana." Vidole vyangu vilibaki juu ya taipu. Sikungoja kuambiwa. Niliingia, nikasema samahani mzee, nikamnyang'anya ile simu. Stesheni masta alishtuka sana. Hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo ila mkewe.

Nilisema, "Bwana Otieno, ni Wakesho huyu. Nyimbo zangu hazisafiri bila mimi. Hazijazoea." Yeye akasema taratibu, "Sista, si mimi. Ni wakubwa. Wanasema nani atanunua piano ya msichana wa Voi?" Nikamwambia hao wakubwa wasikilize kwanza ndipo waseme nani hatanunua. Akafikiri. Nashukuru kwamba alikuwa mtu wa kufikiri. "Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi na mitambo yangu," akasema. "Kuchukua kanda. Kanda ikitoka safi, safi kabisa, nitawawekea wakubwa mezani na kuwaambia hii ndiyo albamu yenyewe, na jina lako juu. Isipotoka safi, nampelekea jamaa wa hotelini ajifunze. Siku moja tu, kwa sababu jioni lazima niondoke kabla ndovu hawajakaa barabarani." Nikasema sawa. Nilipoweka simu, stesheni masta akanipa kiti chake.

Sasa lazima nieleze jambo la albamu, maana vijana wa leo hawawezi kuelewa. Wakati ule, nyumba yoyote iliyojiheshimu Taita ilikuwa na albamu. Mgeni akishaketi, kabla chai haijachemka, analetewa albamu mapajani, anaifungua: hapa ni arusi ya Mjomba, hapa ni mtoto akibatizwa, hapa ni sisi na gari la padri. Mgeni anasema, "Eeh, mlipendeza," mpaka chai ifike. Albamu ilikuwa ni picha. Hapakuwa na albamu nyingine duniani. Basi Jumapili kabla ya siku yetu, Mwalimu Mwakio alisimama kanisani Wusi wakati wa matangazo, amejaa lile neno lake, akasema: "Jumamosi bendi yetu inashuka Voi, inaenda kupigwa albamu. Mtuombee." Na kitu gani kinachopigwa halafu kikaingia kwenye albamu? Kanisa zima likaelewa. Mwalimu alikuwa ameelewa kitu kingine, lakini yeye alikuwa peke yake.

Jumamosi ikafika. Bwana Otieno alifika asubuhi na mitambo yake na nyaya nyingi kama utumbo wa ng'ombe. Kitu cha kwanza alichofanya ni kusimama katikati ya ukumbi akapiga kofi moja. Kofi likapanda kwenye mabati, likarudi, likagonga ukuta, likarudi tena. Akakunja uso. Akapiga la pili. "Hii si nyumba," akasema, "hii ni tangi." Sisi tulikuwa tumeizoea ile sauti inayorudi, tena tuliipenda, ilitufanya tuonekane wengi. Yeye akasema sikio linasamehe, lakini mtambo hausamehe. Tukatundika mablanketi ya gesti hausi, tukatundika maturubai ya ofisi ya mizigo, tukapiga. Akanivisha zile ngao zake za masikioni, zinazotoa sauti ya mtambo, nisikilize mwenyewe. Mungu wangu! Piano yangu ilikuwa imegeuka watu watatu wanaogombana bafuni. Tarumbeta ndizo sitaki hata kusema. Tukasogeza piano, tukasogeza vipaza sauti, tukapiga tena na tena, na kila mara anatikisa kichwa. Jua likapita utosini. Mwishowe akavua miwani, na macho yake yalikuwa ya huruma, jambo lililonikasirisha zaidi. "Sista, wewe hujakosea hata mara moja. Ukumbi ndio unakosea. Lakini siwezi kuandika kwenye santuri kwamba ukumbi ulikosea." Akaanza kukunja nyaya. "Kwa kujifunzia inatosha."

Kwa kujifunzia. Nilimwona yule bwana wa hotelini, ambaye sikuwa nimewahi kumwona, amekaa kwenye piano nyeusi inayong'aa, akipanda mlima wetu kwa viatu vya kupaka rangi. Nilitaka kulia na nilitaka kumrushia mtu kiti, vyote kwa pamoja, na kwa kuwa siwezi kufanya mambo mawili, nilikaa tu nikaufunika uso. Bwana Salim akaja akasimama nyuma yangu. Hakuniambia nisilie. Alianza kuifunga fidla yake ndani ya kitambaa, polepole sana, akiisemesha chini chini kwa Kiswahili chao cha Taveta.

Hapo ndipo tuliposikia lori. Lilikuwa lori la kabichi kutoka Wusi, lakini halikuwa na kabichi. Lilikuwa limejaa watu wamesimama, na wote wamevaa! Wanaume wamevaa suti zao za arusi na juu yake makoti mazito ya baridi ya milimani. Akina mama wamevaa sweta, juu ya sweta kitenge kipya, juu ya kitenge shali. Wamejipaka mafuta mpaka nyuso zinang'aa, na vumbi la njiani limeyapenda mafuta hayo. Wazee wamevaa kofia zao, mmoja na medali za vita. Jua la Voi saa ile linachemsha maji bila sufuria, na wao wamefungwa vifungo mpaka shingoni. Wa kwanza kushuka alikuwa Mama Mkamburi, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, amevaa koti la manyoya ya shingo aliloachiwa na mke wa mmisionari. "Kwawuka!" akatusalimu kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, ingawa asubuhi ilikuwa imepita zamani. "Tumechelewa? Lori iliharibika. Mpiga picha ako wapi?"

"Mpiga picha gani, mama?" Mwalimu Mwakio akauliza.

"Si wewe umesema tunapigwa albamu? Sisi tumekuja kupigwa."

Wapiga tarumbeta wakageukia ukutani, mabega yanatikisika. Mimi sikucheka. Mimi damu ilinipanda, nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo mtu hasemi mbele ya mama wa kanisa: "Haki ya Mungu, leo mnataka picha? Hakuna picha! Hakuna kitu! Ni albamu ya muziki na imeshakufa, rudini Wusi!" Mama Mkamburi akanitazama kutoka chini mpaka juu. "Wakesho," akasema, "mimi nimevaa hiyo koti toka saa kumi na moja asubuhi. Nimeshuka nayo mpaka huku kwa moto. Sirudi Wusi bila kuonwa na mtu. Kama hakuna picha, basi mtupigie hiyo muziki, tuione." Akaingia ukumbini bila kungoja ruhusa, akaketi sakafuni mbele kabisa. Na wengine, maana hakuna aliyewahi kumpinga, wakaingia nyuma yake wakaketi, familia kwa familia, mpaka sakafu ya saruji haikuonekana tena na wengine wakasimama wameegemea kuta pande zote.

Bwana Otieno alikuwa amebeba nyaya zake begani, anatafuta pa kupita. Hakupaona. Alikuwa mtu wa adabu, hakutaka kumkanyaga mzee mwenye medali, kwa hiyo alipiga kofi kuwaomba nafasi. Kofi moja. Halikurudi. Akasimama. Akaangalia mabati juu. Akapiga tena, kofi kubwa zaidi, nalo likalia mara moja tu, paa, likaisha, kama kofi la chumba cha kulala. Watu wakadhani anashangilia, nao wakapiga makofi. Yeye akazitupa nyaya chini. "Hakuna mtu kutoka!" akapaza sauti. "Tafadhalini! Hakuna mtu kutoka, na hakuna mtu kuvua koti!" Kwani ni zile nguo. Zile suti, yale makoti, zile shali juu ya vitenge juu ya sweta, na watu wenyewe ndani yake. Sauti ilikuwa inaingia humo inakaa, haitoki. Alinieleza haraka haraka huku anaunganisha nyaya. Nilielewa neno moja kati ya mawili, na nilikuwa nimeshakaa kwenye piano.

Mama Mkamburi aliupokea wajibu kama aliyekuwa anaungoja. Akasimama, akawageukia watu. "Mmesikia. Kukohoa, mtakohoa Wusi. Kupiga chafya, Wusi. Mtoto akilia, ni mama yake ndiye nitamuuliza." Tukaanza. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri hadi karibu na mwisho, halafu treni ya mizigo ikapiga honi. Nilisahau, mimi niliyekuwa nachapa taarifa za treni hizo kila siku! Stesheni masta akakimbia mwenyewe nje akisema hakuna treni nyingine itakayopiga honi Voi leo hata kama ikikutana na ndovu kwenye reli. Tukarudia. Na hapo, sijui nieleze vipi. Piano ilikuwa sasa ni piano. Kila kitufe nilikisikia kikianza na kikiisha. Fidla ya Bwana Salim ilikuja nyuma yangu ikanishika kiwiko, tarumbeta zikaingia kwa upole ambao Mwalimu Mwakio alikuwa ameuomba mwaka mzima, na mbele yangu kulikuwa na nyuso zinazotiririka jasho, hazijifuti, hazipepesi. Mzee mmoja alikuwa ameanza kukohoa. Mama Mkamburi alimkazia macho mpaka kikohozi kikarudi kilikotoka. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa na furaha kali ambayo sikuipata tena hata siku ya arusi yangu, na mume wangu alijua, nilimwambia.

Tulizipiga nyimbo zote, moja baada ya nyingine, bila kupumzika, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na watu walikuwa wanapikika. Ule wa mwisho ulipoisha Bwana Otieno aliinua mkono tusipumue, akangoja sauti ife kabisa, akauzima mtambo. Akairudisha kanda nyuma, akaiachia itoke kwenye spika ili wote wasikie. Ukumbi mzima ukainama mbele. Mkono wa kushoto ukapanda, wa kulia ukaitikia, ukakatika kwenye kona, ukaanza tena juu. Mama Mkamburi akashika kifua. "Yesu wangu," akasema, "hawa si ni sisi? Si ni sisi tukipanda na majani?" Akaanza kulia kwa sauti, na akina mama wengine wakalia naye, huku wanacheka na kupigana mabegani. Bwana Salim alikuwa ameketi na fidla mapajani, anatikisa kichwa, anasema "Mashallah, mashallah," mara ngapi sikumbuki.

Bwana Otieno alivua ngao zake za masikioni. "Mnaweza kuvua makoti," akasema. Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilifika Mwatate. Makoti yakarushwa juu, shali zikarushwa juu, Mwalimu Mwakio akabebwa na watu wale wale waliokuwa wanataka kumla nyama kwa ajili ya picha. Mimi nilipita katikati yao nikamfuata Bwana Otieno mlangoni, alipokuwa anaifunga kanda ndani ya kasha lake kama mtoto mchanga. Akaniuliza jina langu lote, nikamtajia, langu na la ukoo, akalirudia ili asikosee. Ndipo nikamuuliza lililokuwa limenikaa kooni tangu ile simu.

"Na yule bwana wa hotelini?"

Alivaa miwani yake. "Huyo," akasema, "atainunua dukani kama watu wengine."

Na aliinunua. Nilipokwenda Nairobi mara ya kwanza kupiga mbele ya watu, mtu mmoja mrefu aliyevaa tai alingoja mpaka wengine wote wakaondoka, akanijongelea na santuri yetu kifuani, akaniomba niitie sahihi.